Nyumba za bei nafuu: Sheria inampa nani mamlaka, na Kilosa na Mikumi zimesimama wapi

Na Mwandishi Wetu

MJADALA wa nyumba za bei nafuu nchini huendeshwa zaidi kana kwamba ni suala la saruji, mabati na riba za benki. Hayo yote yana uzito wake. Hata hivyo, anayezipitia sheria zinazoziongoza taasisi za umma zinazojenga na kupangisha nyumba anakutana na jambo jingine lisilozungumzwa sana. Sheria hizo zimezipa taasisi ruhusa nyingi za kujenga, kuuza, kupangisha na kukopa, lakini zimeweka wajibu mdogo sana wa kufanya hayo kwa ajili ya mtu wa kipato cha chini.

Tofauti hiyo kati ya ruhusa na wajibu ni vigumu kuiona Dar es Salaam, ambako majengo ya Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) yamesimama karibu kila mtaa wa katikati ya jiji. Inaonekana vizuri zaidi wilayani, na wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro ni mahali pazuri pa kuitazamia.

Kilosa ni mji wa reli ya kati na wa mashamba ya mkonge, uliojengwa kando ya Mto Mkondoa. Mikumi, iliyo kusini yake katika wilaya hiyo hiyo, ni mji wa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia, unaoishi kwa malori, nyumba za wageni, biashara ndogo na watalii wa hifadhi. Sensa ya mwaka 2012, mwaka ambao Gairo ilimegwa kuwa wilaya inayojitegemea, iliihesabia Kilosa watu 438,175. Sehemu kubwa ya watu hao wanaishi katika nyumba walizozijenga wenyewe chumba kimoja kimoja, au wamepanga kwa jirani aliyefanya hivyo.

Kutoka ubomoaji hadi biashara

Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa kwa Sheria Namba 45 ya mwaka 1962, miezi michache tu baada ya uhuru. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubomoa vibanda na kujenga nyumba bora za gharama ndogo mahali pake. Wakazi wa siku nyingi wa Magomeni na Ilala jijini Dar es Salaam wanazikumbuka nyumba hizo. Katika miaka hiyo Serikali ndiyo iliyotoa fedha, na kodi ya pango ilipangwa kwa kutazama mfuko wa mpangaji kuliko faida ya shirika.

Mpango huo ulikuwa wa gharama kubwa kuliko uwezo wa nchi. Kila nyumba iliyobomolewa ilihitaji nyingine, na idadi ya wananchi mijini ilikuwa ikiongezeka kuliko kasi ya mafundi. Kufikia miaka ya 1970 Serikali iligeukia njia ya kupima viwanja na kupeleka huduma, ili mwananchi ajijengee mwenyewe. Mradi huo, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia, ulizaa maeneo kama Sinza na Kijitonyama, na katika awamu ya pili ulifika katika miji ya mikoani, Morogoro ikiwamo. Miji ya ngazi ya wilaya haikuwamo.

Wakati huo huo lilitokea jambo kubwa zaidi kisheria. Sheria ya Utwaaji wa Majengo, Namba 13 ya mwaka 1971, ilimpa Rais mamlaka ya kutwaa majengo yenye thamani ya kuanzia sh. 100,000 ambayo wenyewe hawakuwa wakiyakalia yote. Jengo lililokuwa limezidi umri wa miaka 10 halikulipiwa fidia. Majengo yaliyotwaliwa yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ofisi ambayo kwa karibu miaka 20 ilikuwa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote mijini.

Ni vyema kutambua kwamba utwaaji huo haukuongeza hata chumba kimoja. Ulibadilisha jina la mwenye nyumba. Kwa kuwa kiwango cha sh. 100,000 kiliyagusa zaidi majengo makubwa ya biashara na ghorofa, manufaa yake kwa wapangaji yalibaki katika miji mikubwa.

Mwaka 1990 Bunge lilipitisha Sheria Namba 2, iliyofuta ile ya 1962, ikaivunja ofisi ya Msajili na kukabidhi mali zake zote kwa NHC mpya. Hii ndiyo sheria inayoliongoza shirika hadi leo. Imeliruhusu kujenga nyumba za kuuza, za kupangisha na za matumizi mengine, kusimamia majengo, kufanya ukandarasi na ushauri wa ujenzi, na kutengeneza vifaa vya ujenzi. Waziri mwenye dhamana ya nyumba ana uwezo wa kulipa shirika maelekezo.

Hadi hapo wapangaji walikuwa bado na ngao. Sheria ya Kudhibiti Pango, iliyoanza wakati wa ukoloni mwaka 1951 na kuandikwa upya kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1984, iliweka mipaka ya kodi na kumzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji kwa utashi wake. Kwa NHC ngao hiyo ilikuwa mzigo. Kodi zilikuwa ndogo kiasi kwamba matengenezo ya kawaida yalishindikana, na majengo mengi ya kati ya jiji yalichakaa mbele ya macho ya kila mpita njia.

Mwaka 2005 mambo yakageuka. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, Namba 2 ya mwaka huo, ilifuta Sheria ya Kudhibiti Pango na kurekebisha sheria ya NHC ili shirika lijiendeshe kibiashara. Tangu hapo kodi ya pango imekuwa suala la makubaliano. Mambo ya mkataba wa upangishaji yanaongozwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na migogoro inakwenda kwenye mabaraza ya ardhi na nyumba.

Kwa shirika, mabadiliko hayo yalikuwa dawa. Lilianza kupata mapato ya kweli, likakarabati, likakopesheka. Kwa mpangaji wa Mikumi ambaye hajawahi kukaa katika nyumba ya NHC hata siku moja, mabadiliko yale yale yalikuwa na maana tofauti kabisa. Udhibiti wa pango ulikuwa unamlinda na yeye, angalau kwenye karatasi, dhidi ya mwenye nyumba binafsi. Ulipofutwa, hakupewa kingine badala yake. Desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, ambayo wasomaji wa mijini wanaifahamu vyema, imekuwa ikiendelea bila sheria mahsusi ya kuizuia.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hilo ndilo kosa la mwaka 2005. Shirika lilistahili kufunguliwa kamba. Halikuwa jambo la lazima kwamba kamba hiyo ikatwe pamoja na ile ya wapangaji wote wa nchi.

Mamlaka ambayo shirika halina

Katika yote ambayo sheria ya 1990 inalipa shirika, limo moja ambalo halimo: ardhi. NHC haina uwezo wa kutwaa ardhi kwa amri yake. Inapata kiwanja kwa kugawiwa, kwa kununua au kwa ubia, kama mwekezaji mwingine yeyote.

Mamlaka ya kutwaa ni ya Rais peke yake, chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, na lazima iwe kwa manufaa ya umma. Baada ya Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, anayetwaliwa anapaswa kulipwa fidia kamili, ya haki na kwa wakati, ikihesabu thamani ya soko ya ardhi yenyewe, wala si mazao na majengo tu kama ilivyokuwa zamani. Hiyo ni haki iliyopiganiwa kwa muda mrefu na haipaswi kuchezewa. Lakini ina bei yake, na bei hiyo huishia ndani ya bei ya nyumba.

Singapore, ambayo hutolewa mfano kila kongamano la nyumba linapofanyika, ilipita njia nyingine. Bodi yake ya nyumba iliundwa mwaka 1960, na sheria ya utwaaji ardhi ya mwaka 1966 iliiwezesha serikali kuchukua ardhi kwa bei ya chini ya soko. Leo karibu wananchi wanane kati ya kumi wanaishi katika nyumba za bodi hiyo. Wanaoisifu Singapore hapa nyumbani husahau kutaja kipengele hicho cha ardhi, labda kwa sababu hakuna mbunge wa vijijini ambaye angethubutu kukiunga mkono.

Kilosa ina sura zake. Sehemu kubwa ya ardhi inayozunguka miji ya wilaya hiyo ni ya vijiji. Ili ardhi ya kijiji igeuzwe kuwa ardhi ya jumla na kupimwa viwanja, sheria inataka kijiji chenyewe kishirikishwe. Eneo lisilozidi hekta 250 linaamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji kwa kukubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri ndiye anayeidhinisha. Taarifa inapaswa kutangazwa, na wenye haki juu ya ardhi hiyo kupewa nafasi ya kueleza. Fidia inakubaliwa kwanza.

Sehemu nyingine ilishikwa kwa miaka mingi na mashamba makubwa, hasa ya mkonge. Bei ya mkonge iliposhuka na mashamba mengi kugeuka mapori, mji wa Kilosa na vituo vya reli kama Kimamba vilijikuta vimebanwa na hati za watu wasiolima. Rais ana mamlaka ya kubatilisha milki ya ardhi isiyoendelezwa, na mamlaka hayo yametumika kwa mashamba kadhaa wilayani humo. Ardhi iliyorejeshwa kwa njia hiyo ndiyo ya bei rahisi kuliko zote kwa mpango wa nyumba, kwa kuwa mwenye hati aliyekiuka masharti hana hoja ya fidia sawa na ya mkulima mdogo. Mara nyingi, hata hivyo, madai ya mashamba ya kulima na malisho hutangulia, na katika wilaya yenye historia ya migogoro ya wakulima na wafugaji hakuna anayeweza kulaumu utangulizi huo.

Mikumi imebanwa kwa namna yake. Upande mmoja ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, ambamo makazi hayaruhusiwi kabisa. Pande nyingine ni milima na ardhi ya vijiji, na kusini zaidi kuelekea Ruaha ni mashamba ya miwa yanayolisha kiwanda cha sukari. Mji huo ulipewa hadhi ya mamlaka ya mji mdogo, hadhi inayokuja na baraza na wenyeviti wa vitongoji, lakini mkoba wa fedha umebaki Kilosa, kwenye halmashauri ya wilaya.

Matokeo yake ni kwamba anayetaka kujenga nyumba 50 za bei nafuu Mikumi analazimika kupita kwa kijiji chenye ardhi, kwa halmashauri yenye mamlaka ya kupanga, kwa ofisi ya ardhi inayoidhinisha ramani na kutoa hati, kwa mamlaka za maji na umeme, na ndipo amfikie anayejenga. Kila mmoja kati ya hao ana uwezo wa kisheria wa kusema hapana. Hakuna hata mmoja ambaye sheria inambana kusema ndiyo.

NHC iliyaona hayo ilipoanza mpango wake wa miaka mitano wa 2010/11 hadi 2014/15, uliolenga nyumba 15,000. Shirika liliziomba halmashauri ardhi, na pale zilipoitoa, nyumba za gharama nafuu zilijengwa hata katika wilaya za pembezoni. Mvomero, jirani wa Kilosa katika mkoa huo huo wa Morogoro, ni miongoni mwa wilaya zilizopata mradi. Malalamiko yaliyofuata yalikuwa ya bei. Shirika lilijibu kwamba limelazimika kujenga barabara, kuvuta maji na umeme kwa fedha zake, na kwamba juu ya yote hayo mnunuzi alitozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Hoja hiyo haikuwa kisingizio. Shirika linaloendeshwa kibiashara halina mahali pengine pa kuiweka gharama hiyo isipokuwa kwa mnunuzi.

Mtihani wa Mkondoa

Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010, mvua kubwa ziliujaza Mto Mkondoa. Bwawa la Kidete lilibomoka, kingo za mto zikakatika, na maji yakaingia mjini Kilosa na vijiji vya bondeni. Reli ya kati ilisombwa kati ya Kilosa na Gulwe, safari za treni zikasimama kwa miezi. Zaidi ya watu 20,000 walibaki bila makazi.

Msaada wa dharura ulikuja: mahema, chakula, dawa. Wananchi wakaambiwa wasirudi bondeni, na wakaonyeshwa viwanja katika maeneo ya juu. Kisha mambo yakapoa. Miaka kadhaa baadaye, magazeti yalikuwa bado yakiandika habari za familia za Kilosa zinazoishi ndani ya mahema yaliyochanika, zikiwa na kiwanja lakini hazina uwezo wa kununua hata bati la kwanza. Januari 2014 wilaya hiyo hiyo ilipigwa tena, safari hii upande wa Dumila na Magole, ambako mafuriko yaliharibu nyumba na kukata barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Mahema yakatandazwa upya.

Hapa ndipo swali la mamlaka ya kisheria linapoacha kuwa la mawakili. Ni chombo gani cha umma kilichokuwa na wajibu, siyo ruhusa, wa kuwajengea watu wale nyumba?

NHC isingeweza kulazimishwa. Sheria yake haimtaji mtu aliyepoteza makazi, na tangu 2005 inatakiwa kujiendesha kwa faida. Wakala wa Majengo Tanzania (TBA), ulioanzishwa mwaka 2002 chini ya Sheria ya Wakala za Serikali, ulikuwa wa majengo ya Serikali na nyumba za watumishi wake. Tena wakala huo ulizaliwa wakati Serikali ikiwauzia watumishi maelfu ya nyumba zake, uamuzi ambao mpaka leo unatajwa kila mwalimu au mganga anapopelekwa wilayani na kukosa pa kulala. Halmashauri ilikuwa na uwezo wa kupima viwanja na ikautumia. Kujenga nyumba za kuwapa wananchi hakukuwa katika bajeti wala katika wajibu wake wa lazima. Ofisi ya Waziri Mkuu, yenye dhamana ya maafa, iliratibu uokoaji na chakula. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ilikuja kuandikwa upya mwaka 2015, na nyingine ikapitishwa mwaka 2022, zote zikiweka kamati kuanzia kijijini hadi taifa. Kamati inaratibu, nyumba ya kudumu inahitaji mjenzi na mlipaji.

Kulikuwa pia na ukinzani ambao haukuelezwa vizuri kwa wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Aliyerudi kujenga bondeni alikuwa anavunja sheria, na mamlaka zilikuwa na nguvu zote za kumwondoa. Kwa hiyo upande wa kuondoa, sheria ilikuwa na meno. Upande wa kumweka mahali pengine, ilikuwa na hema.

Mahakama za nchi nyingine zimewahi kuulizwa swali la aina hii. Oktoba 2000, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitoa hukumu katika shauri la Irene Grootboom na wenzake, watu waliokuwa wakiishi uwanjani baada ya vibanda vyao kubomolewa. Mahakama haikuamuru kila mmoja ajengewe nyumba. Ilisema mpango wa serikali ambao hauna lolote kwa ajili ya watu wasio na makazi kabisa haukidhi katiba. Kenya nayo, katika Katiba ya mwaka 2010, iliandika haki ya nyumba inayofikika na yenye staha katika ibara ya 43. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inalinda haki ya kumiliki mali katika ibara ya 24. Haki ya kupata nyumba haimo katika orodha ya haki ambazo mwananchi anaweza kwenda kuzidai Mahakama Kuu. Kuna Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Makazi ya mwaka 2000, yenye maneno mazuri juu ya watu wa kipato cha chini, lakini sera haishtakiki.

Fedha, na nani anaruhusu

Makadirio yanayotumiwa na Serikali na taasisi za fedha yanaonyesha upungufu wa nyumba milioni 3 nchini, unaoongezeka kwa takriban 200,000 kila mwaka. Benki ya Nyumba iliyoanzishwa miaka ya mwanzo ya 1970 ilifilisika na kufungwa mwaka 1995. Sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008 ilirahisisha masharti ya rehani, sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka huo huo ikaruhusu mtu kumiliki nyumba moja ndani ya ghorofa, na kampuni ya TMRC ikaundwa mwaka 2010 kuzikopesha benki fedha za muda mrefu. Pamoja na yote hayo, hadi miaka ya mwanzo ya 2020 mikopo ya nyumba katika benki zote nchini ilikuwa haijafika 10,000.

Hesabu yake ni rahisi. Amri ya mishahara ya sekta binafsi iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha sh. 140,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kilimo. Nyumba ya sh. milioni 40, ambayo kwa viwango vya Dar es Salaam ni ya chini sana, ni sawa na mshahara huo wote kwa miaka karibu 24, bila kula na bila riba. Kwa kibarua wa miwa wa Ruaha au mhudumu wa nyumba ya wageni Mikumi, neno "nafuu" limekosa maana kabla hajafika benki.

NHC yenyewe haina uhuru kamili wa kukopa. Inahitaji kibali cha Serikali. Miradi mikubwa ya Morocco Square na Kawe 711 jijini Dar es Salaam ilisimama mwaka 2018 kwa sababu kibali cha kuongeza mkopo hakikupatikana, ikakwamuliwa baada ya 2021. Maghorofa yale yalikaa kama mifupa kando ya barabara, na gharama zikaendelea kuhesabika. Mwaka 2022 shirika lilizindua mpango wa nyumba 5,000 uliopewa jina la Samia Housing Scheme, kwa gharama ya takriban sh. bilioni 466. Mgawanyo uliotangazwa ni asilimia 50 Dar es Salaam, 20 Dodoma, na 30 kwa mikoa mingine yote.

Asilimia 30 ya 5,000 ni nyumba 1,500. Zikigawanywa kwa mikoa 24 iliyobaki ya Tanzania Bara, kila mkoa unapata nyumba 62 au 63, na Morogoro ina halmashauri tisa. Kwa wastani wa sh. milioni 93 kwa nyumba, haitegemewi kwamba shirika linalojiendesha kibiashara litaipeleka hata moja mahali ambapo mnunuzi wake ni nadra. Hakuna uvunjaji wa sheria katika hilo. Ndivyo sheria ilivyoandikwa.

Kenya imejaribu kulifunga pengo la fedha kwa nguvu ya sheria. Tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara, inayolipwa pia na mwajiri, ilibatilishwa na Mahakama Kuu Novemba 2023, ikarudishwa kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024. Wafanyakazi wengi wameilalamikia, na swali la nani hasa atakabidhiwa funguo bado linaulizwa katika kila mtaa wa Nairobi. Angalau kuna sheria ambayo mtu anaweza kuinukuu akiuliza.

Reli mpya, bei mpya

Kwa Kilosa, swali hili sasa lina haraka ambayo halikuwa nayo zamani. Treni za reli ya kisasa zilianza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huo, na Kilosa ina kituo chake, mbele kidogo ya mahandaki yanayopenya milimani. Mahali palipokuwa safari ya siku nzima wakati wa mvua, sasa panafikika kwa saa chache. Wanaofuatilia ardhi wanajua kinachofuata pale kituo kinapojengwa: madalali hutangulia, wapimaji wa halmashauri hufuata.

Halmashauri ina nafasi ya kutangulia ikitaka. Katika mwaka wa fedha 2021/22 Wizara ya Ardhi ilianza kuzikopesha halmashauri fedha zisizo na riba, sh. bilioni 50 kwa jumla, za kupanga, kupima na kumilikisha ardhi, zirejeshwe viwanja vinapouzwa. Masharti ya kurejesha ndiyo yanayozisukuma halmashauri kuuza kwa bei ya juu na kwa wenye fedha taslimu. Bado hakuna kanuni inayozibana kutenga sehemu ya viwanja hivyo kwa wenye kipato kidogo, au kuiuzia NHC kwa bei ya upimaji ili nayo ibanwe kushusha bei ya nyumba. Makubaliano ya aina hiyo yanaweza kuandikwa leo bila kusubiri Bunge, kwa kuwa mikataba ya ubia iko ndani ya mamlaka ya pande zote mbili.

Njia nyingine ni ndogo na ya zamani. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza matofali ya udongo-saruji ya kufungamana, yanayopunguza saruji na lipu. NHC nayo iliwahi kugawa mashine za kuyafyatulia kwa vikundi vya vijana katika halmashauri nchini. Kwa mtu mwenye kiwanja na asiye na nyumba, kama walivyokuwa wale wa Mkondoa, mashine moja inayofanya kazi ilikuwa na thamani kuliko ghorofa la Kawe.

Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inazitaka mamlaka za upangaji kuwaita wadau wakati wa kuandaa mpango wa eneo, kuweka rasimu wazi ili ionwe, na kupokea pingamizi kabla haijaidhinishwa. Mkazi wa kitongoji cha Mikumi au mpangaji wa karibu na stesheni ya Kilosa ana haki ya kuiona ramani hiyo katika ofisi ya halmashauri na kuandika pingamizi lake. Pingamizi hilo likiwahi, huwekwa kwenye jalada pamoja na ramani. Likichelewa, viwanja vinakuwa vimekwisha kupata namba.